Mafundo Saba, Upande wa Kushoto

Maiti alikuwa amevaa vizuri kuliko polisi wote waliosimama kumzunguka.

Ndivyo alivyoonekana kwenye picha iliyobandikwa ubaoni: Mzee Gaspare, Mtaliano wa Sisili, umri miaka themanini na sita, ameketi kwenye kochi lake nyumbani Kilburn ndani ya kanzu nyeupe ya kitani, na kiunoni kamba nyekundu nene yenye mafundo. Macho yalikuwa wazi, yakitazama chini, kwenye kamba. Sajenti Siham Miraji alikuwa akiitazama picha hiyo kwa siku ya pili sasa, na kwa siku ya pili ilimkera. Wafu wengi aliowahi kukutana nao walikuwa wakitazama dari.

"Unaichunguza au unaipigia ramli?" aliuliza Inspekta Yogesh, akiweka vikombe viwili vya chai mezani.

Yogesh alizaliwa Kisutu, Dar es Salaam, akahamia Kingsbury na wazazi wake akiwa darasa la sita, na Kiswahili chake kilibaki darasa la sita. Kilikuwa kitamu na cha haraka, lakini hakikuweza kusoma mwandiko wa mtu. Ndiyo sababu daftari la mtuhumiwa lenye jalada la bluu lilikuwa mbele ya Siham. Mkalimani rasmi angepatikana Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na ikifika saa kumi jioni muda wa kumshikilia mtuhumiwa ungekwisha. Ama ashtakiwe kwa mauaji, ama aachiwe.

Mtuhumiwa aliitwa Placida Haule, mwanamke wa Songea mwenye miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa care: kuwaogesha wazee majumbani mwao, kuwalisha, kuwapa dawa. Damu ya Mzee Gaspare ilikutwa na dawa za usingizi kupita kiasi, na ufunguo wa kisanduku cha dawa ulikuwa kwa Placida. Ndani ya mkoba wake mlikutwa pambo la marehemu, moyo mdogo wa fedha, na daftari hili. Mjane, Signora Nunzia, alisema Placida ndiye aliyemvalisha mzee ile kanzu kabla ya kuondoka. Kesi ilikuwa imejipika yenyewe, ikabaki kupakua.

"Hili mliloliita orodha ya wizi," alisema Siham, "nani alilifasiri?"

"Konstebo mmoja. Kwa simu yake."

"Muombeeni dua. Sikiliza." Akasoma: "'Mji unaitwa Castrofosco, uko juu kabisa ya mlima. Babu anasema kwanza walikuja Waarabu wakajenga ngome na msikiti. Halafu wakaja Wanormani na farasi, msikiti ukawa kanisa. Nguzo moja ya msikiti bado imo ndani, ina Bismillahi, wameisimamisha kichwa chini.'"

"Historia," alisema Yogesh.

"Kurasa sitini za historia. Mzee alikuwa akisema kwa Kiingereza, Placida akiandika kwa Kiswahili kwa sababu mkono wake una kasi zaidi kwa Kiswahili. Na hizi kalisi za fedha, na taa ya fedha, na mkono wa fedha wa Mtakatifu Mikaeli, ni hazina ya kanisa huko mlimani. Kuiiba ungehitaji ndege."

Yogesh akavuta kiti. Siham akaendelea kusoma, na mji ukajengeka juu ya meza yenye alama za vikombe.

Castrofosco ulikuwa na makanisa mawili makubwa. La Juu, la Mtakatifu Mikaeli, lilikaa kileleni pale ulipokuwa msikiti, nalo lilikuwa la wapanda farasi na wajukuu wao. La Chini, la Mama wa Huzuni Saba, lilijengwa na waliofukuzwa kileleni. Tetemeko la mwaka 1693 liliangusha yote mawili kwa dakika moja, jambo ambalo lingewafundisha adabu watu wengine, lakini hawa walijenga upya kila mmoja akitaka mnara wake uuzidi wa mwenzake. Wakapelekana mpaka Roma kuamua lipi liitwe Kanisa Mama. Roma ikasema la Juu. Wa Chini hawakusahau, na wa Juu hawakuwaacha wasahau. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Placida hakuwa na jembe, alikuwa na kalamu, akaandika yote, mpaka jinsi wanavyopishana Ijumaa Kuu kwenye ngazi bila kusalimiana.

"'Mwanamke akiolewa huhama kanisa la kwao na kuingia la mume,'" Siham alisoma. "'Hata mama yake akizikwa Kanisa la Chini, yeye atasimama nje kwenye ngazi. Bibi Nunzia alisimama nje. Babu anasema mvua ilinyesha.'"

"Charming. Watu wema kweli," alisema Yogesh.

"Sasa hapa." Siham aligeuza daftari. Palikuwa na mchoro wa kiuno cha mtu, safi kama wa fundi cherehani. "'Kamba ya Kanisa la Juu inafungwa kulia, mafundo matatu, ya malaika wakuu watatu. Ndugu wa chama cha kanisa akifa, huzikwa na kamba aliyofia nayo. Hakuna mkono unaoruhusiwa kuibadili.'" Akanyoosha kidole kwenye picha ubaoni. "Hesabu."

Yogesh alisimama, akavaa miwani, akahesabu. "Saba. Upande wa kushoto."

"Ee."

"Basi alikosea. Ndivyo nilivyoandika." Akachukua muhtasari wa mashtaka aliouandaa tangu asubuhi, akasoma: mtuhumiwa, asiyejua desturi za marehemu, alimfunga kamba kwa mafundo ya ovyo ili kifo kionekane kama maandalizi ya mzee mwenyewe.

"Mtu aliyechora hivi hakosei hivyo, bosi."

"Kuchora si kufunga. Wakili wa serikali atakwambia hivyohivyo."

Siham alifungua ukurasa wa tarehe kumi na nne Januari, miezi miwili nyuma, akaupitia mara mbili kabla ya kuusoma kwa sauti.

"'Leo Babu ameniambia jambo la mtoto. Mwaka 1964 walipata mtoto wa kiume, akaugua siku ya tatu. Padri wa Juu alikuwa safarini. Padri wa Chini alikuwa nyumba ya pili, akaja mwenyewe mpaka mlangoni na maji ya ubatizo. Babu akamfungia mlango. Mtoto akafa bila kubatizwa, akazikwa nje ya ukuta wa makaburi, chini ya mizeituni. Babu anasema, andika Placida, andika kwamba Gaspare hakuwapa watu wa Chini hata mwanawe. Ameniambia nipige mstari chini ya maneno haya.'"

Mstari ulikuwepo. Chini yake Placida alikuwa ameongeza kwa herufi ndogo: *Bibi alikuwa jikoni. Sahani imeanguka.*

Yogesh alikunywa chai yake iliyokwisha kupoa. "Kamlete Placida," alisema.

*

Alikuwa amevimba macho. Kando yake aliketi Poonam, wakili wa zamu, kalamu mkononi.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Nieleze tena uliondokaje."

"Nimeshasema, jamani. Saa saba na nusu. Babu amekula, ana pajama na sweta. Nikaenda kwa mama mwingine kule Kingsbury. Kurudi saa kumi na mbili nikamkuta hivyo."

"Kanzu ilikuwa wapi?"

"Kabatini, kwenye mfuko wa nailoni. Ya kuzikiwa. Alikuwa ananionyesha kila Ijumaa kama mtu aliyenunua gari jipya."

"Na moyo wa fedha?"

"Ulikuwa unaning'inia juu ya kitanda. Afande, mimi ningeupeleka wapi? Nani Kilburn ananunua moyo?"

Siham alitoa kwenye mfuko kamba ya pazia aliyoinunua njiani, akasimama na kumpa. "Nifunge mie. Kama anavyofungwa Babu."

"Sergeant, mteja wangu halazimiki," alisema Poonam.

"Halazimiki. Namuomba."

Placida alimtazama wakili wake, kisha akainuka. Akaipokea kamba. Akaizungusha kiunoni, akaileta kulia, akafunga. "Mikaeli. Gabrieli. Rafaeli." Sekunde ishirini hazikufika.

"Nani kakufundisha?"

"Yeye. Alinirudisha mara nyingi mpaka nikamwambia Babu, mimi siyo fundi viatu. Alitaka siku akifa nimfunge mimi. Alisema Bibi asiiguse kamba."

"Kwa nini asiiguse?"

"Alisema mikono yake ni ya Chini."

Yogesh alikohoa. Mzee alitaka kufungwa na Placida. Jibu hilo lilimwokoa, maana alilijua fundo, na kumzamisha, maana kumfunga ilikuwa kazi yake, na Poonam aliliona, akaacha kuandika. Siham aliweka picha ya kiuno cha maiti mezani. Placida aliinama kuitazama na mkono ukaenda mdomoni.

"Hii siyo ya Babu," alisema. "Nani amemfanyia hivi?"

*

Saa sita na robo simu ililia. Siham alikuwa amempelekea Padri wa Kanisa la Juu picha hiyohiyo ya kiuno, bila jina na bila uso, na swali moja. Kiingereza cha padri kilichechemea, lakini hasira yake haikuhitaji lugha.

"Sajenti, hiyo ni kamba yetu na fundo lao."

"Yaweza kuwa bahati mbaya? Mtu asiyejua?"

"Mafundo saba, kushoto, kila moja limerudishwa ndani? Huko Chini wasichana hufundishwa kabla ya komunyo ya kwanza, maana ni wanawake wanaowafunga waume zao. Asiyejua hafungi hivyo. Huo ni mkono uliofundishwa." Akashusha pumzi. "Ni Gaspare?"

"Ni yeye."

Upande wa pili karatasi zilifunuliwa. "Aliandika azikwe kwetu. Baraza la ndugu litakaa mchana huu. Kuna kanuni."

"Huzikwa na kamba aliyofia nayo."

"Nani amekwambia?"

"Mwanamke wa Songea," alisema Siham, na kukata simu.

Yogesh alikuwa amesikia yote. "Haitoshi," alisema. "Watasema mzee alimweleza Placida na mafundo ya maadui, kwa mdomo. Mikono ya bibi kizee wa miaka themanini na mbili itatetemeka kizimbani na baraza zima la wazee wa mahakama litalia. Tunahitaji aseme mwenyewe."

"Atasema."

"Kwa nini aseme? Ameshamtia mwenzake ndani. Akinyamaza mpaka saa kumi, ameshinda."

"Nipe huo muhtasari wako," alisema Siham. "Usibadilishe hata neno."

*

Flati ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la simu, barabara kuu ya Kilburn ikinguruma dirishani. Mzee alikuwa fundi wa sakafu maisha yake yote, na sakafu yake mwenyewe aliitandaza kwa vijiwe vyekundu na vyeupe, rangi za Mtakatifu Mikaeli. Mkewe alikuwa ameipiga deki kwa miaka hamsini na tano. Kochi lilikuwa limeondolewa na mafundi wa ushahidi. Signora Nunzia aliweka stuli mahali pake na kuketi hapohapo, amevaa nyeusi tii kutoka kitambaa cha kichwa mpaka soksi, mikono mapajani. Mikono haikutetemeka hata kidogo.

Yogesh aliwasha kamera ya kifuani. Siham alimsomea haki zake: halazimiki kusema, na atakalosema linaweza kutumika mahakamani. Signora alisikiliza na kukubali kwa kichwa. Kiingereza chake kilikuwa cha Kilburn, lakini mifupa yake ilikuwa ya Sisili.

"Nimekuja kukujulisha, Signora, kwamba leo saa kumi tutamshtaki Placida."

"Mungu amsamehe."

"Nataka nikusomee maelezo ya kesi, uthibitishe."

"Soma."

Siham alisoma taratibu. Dawa. Ufunguo. Moyo wa fedha mkobani. Signora aliitikia kwa kichwa kila kipengele kama mtu anayesikia orodha ya sokoni ikikamilika. Ndipo Siham akafika aya ya mwisho.

"'Mtuhumiwa, asiyejua desturi za marehemu, alimfunga kamba kwa mafundo ya ovyo.'"

Kichwa hakikuitikia.

"Mafundo gani?"

"Ya ovyo. Padri ataelezwa hivyohivyo. Mji wote utaelezwa. Watasikitika kidogo, watasema mgeni, hakujua kulia na kushoto. Watamsamehe Gaspare kamba yake kwa sababu ni kosa la kijakazi."

"Kijakazi," alirudia Signora.

"Ndivyo itakavyoandikwa. Na wakishaandika, basi. Nani atauliza tena?"

Basi lilipita barabarani na vioo vikatetemeka. Signora alitazama mikono yake. Siham alimwacha, kwa sababu alijua njaa inapomshika mtu mwenye kiburi usimkaribishe, mwachie sahani karibu.

"Uliyahesabu?" aliuliza Signora hatimaye.

"Yapo mengi."

"Saba!" Sauti ilimtoka kali mpaka Yogesh akainua uso. "Saba, na kila moja nimelirudisha ndani kama mama alivyonifundisha. Msichana yule aweze wapi? Mshenzi aweze wapi? Ovyo! Miaka sitini na mbili sijaifunga kamba ile na mkono haukusahau hata fundo moja."

Yogesh hakusogea. Taa ndogo ya kamera iliendelea kuwaka.

"Ulimvalishaje?" aliuliza Siham. "Alikuwa mzito. Daktari anasema hakuvutwa, hana alama kwapani."

"Alijivalisha. Nilimwambia, Gaspare, jaribu kanzu yako nikuone, mwaka huu umekonda. Alifurahi! Akainua mikono mwenyewe kama bwana harusi." Alicheka kwa pua. "Nilikuwa nimeshampa maziwa ya lozi. Vidonge vyangu vya usingizi nilivificha chini ya ulimi, kimoja kimoja, tangu siku ile ya Januari. Msichana akigeuka tu, natema. Alikuwa akinisifu kwamba mimi mgonjwa mzuri."

"Siku aliposema habari za mtoto."

"Alisema *andika*." Sasa machozi yalimjaa machoni, ya hasira, akayafuta kwa kiganja kama anafuta vumbi. "Miaka yote nilidhani alikuwa na haya. Nilidhani hasemi kwa sababu anaumia, na mimi nikamnyamazia, nikampikia, nikamfulia. Kumbe alikuwa anasubiri mtu wa kumwandikia. Akataka upigwe mstari! Mwanangu alilia siku nzima, na yule padri alisimama nje na maji mkononi, na mimi sikuwa na nguvu za kutoka kitandani. Sasa ni hadithi ya kumfurahisha kijakazi."

"Ukamfunga kamba."

"Sikumfunga upesi." Signora aliinama mbele, na macho yakakauka. "Nilingoja. Nilingoja mpaka mikono yake ikaanguka mapajani na haikuweza kuinuka tena, lakini macho bado yanaona. Ndipo nikapiga magoti nikaanza. Moja. La pili. Nilimhesabia kwa sauti. Nilipofika la nne alielewa. Alitaka kusema kitu. Nikamwambia, usihangaike, Gaspare, padri yuko safarini."

Siham alikuwa amefanya kazi hii miaka kumi na minne, na hapo alitamani kuwa nje. Kwa hiyo ndivyo macho yale yalivyobaki chini.

"Na Placida?"

"Placida nini?"

"Kwa nini moyo wa fedha mkobani mwake?"

"Kwa sababu hakuna mtu mwingine anayeingia humu," alisema Signora, kama anayefafanua jambo la jikoni. "Sina ubaya naye."

Yogesh alitoka ukumbini kupiga simu kituoni. Sauti yake ilisikika kupitia mlango: mwachieni, ndiyo, sasa hivi, bila masharti. Kisha akasikiliza. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, akasema na Siham kwa Kiswahili. "Ametoka. Wamempa simu yake, amekuta ejensi wameshampa mtu mwingine zamu zake zote. Na unajua ameuliza nini? Ameuliza nani amempa bibi dawa ya presha ya saa tisa."

Siham alimfasiria Signora neno kwa neno. Alitaka limuume.

Signora aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika tano. "Msichana mwaminifu," alisema. "Ndiyo maana niliuweka moyo kwake. Mwaminifu hapekui mkoba wake mwenyewe."

Aliinuka bila kusaidiwa, akaenda kuchukua koti lake jeusi mlangoni, akavaa, akafunga vifungo vyote. Alionekana mwepesi kuliko walipoingia. "Mtanifunga miaka mingapi? Sitaifikia. Nimeshaandika kwa mwanasheria, mimi nirudishwe Castrofosco. Sitaki Juu, sitaki Chini. Nilazwe nje ya ukuta, chini ya mizeituni, na mwanangu. Hapo pana kaburi moja tu. Wa Juu na wa Chini hawapiti hapo. Gaspare hakuwahi kukanyaga hapo, hata mara moja. Hapo ni pangu."

Simu ya Siham ilitikisika mfukoni. Ilikuwa barua pepe ya padri, mistari mitatu.

"Ni wao," alisema Signora. Hakuuliza. "Wamesemaje?"

Siham angeweza kuiweka simu mfukoni. Alimfikiria Placida akisimama mlangoni pa kituo bila kazi, akiulizia dawa ya mtu mwingine. Akasoma.

"Baraza la Kanisa la Juu haliwezi kumpokea. Alikufa na kamba ya watu wengine."

Signora alifumba macho kwa raha. "Na wetu? Wa Chini?"

"Wamesema si mtu wao."

"Bila shaka. Basi hana pa kwenda."

"Anapo," alisema Siham. "Manispaa ya mji imemhurumia. Kwa kuwa marehemu aliandika azikwe Castrofosco, na makanisa yote mawili yamekataa, sheria yao inampa mahali panapobaki." Alisoma mstari wa mwisho kama ulivyoandikwa. "Nje ya ukuta, chini ya mizeituni, kando ya kaburi lililopo."

Mkono wa Signora ulibaki kwenye kifungo cha juu cha koti.

"Hapana," alisema.

Yogesh alifungua mlango na kungoja.

"Hapana. Hapo ni pa mwanangu. Hawezi kulala na mwanangu. Hawezi!" Alimshika Siham mkono, na vidole vyake vilikuwa na nguvu, vidole vya kukanda unga na kufunga kamba. "Waambie nilikosea. Andika ovyo, andika nilikosea. Nipelekeni kwake. Nitaifungua, nitamfunga upya. Kulia, mafundo matatu. Mikaeli, Gabrieli, Rafaeli, unaona? Najua. Miaka yote nilimwona akifunga. Nitafunga vizuri."

"Kamba imekatwa, Signora," alisema Siham. "Iko kwenye mfuko wa ushahidi."

Akauondoa mkono ule kidole kimoja kimoja, akamshika bega, wakaanza kushuka ngazi.